Namna ya Kutengeneza Dawa ya Kirusi Usichokijua Jina

Anza na mvua. Vitabu vya utengenezaji wa dawa huanza na kirusi, lakini ukiwa Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, mvua ndiyo inayotangulia na kirusi hufuata. Chini ya bonde hili kuna maji ambayo Dodoma imeyanywa kwa miongo mingi. Kina cha maji visimani kimepimwa hapa tangu 1955, kumbukumbu ndefu ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina. Watafiti walipoichapisha mwaka 2013 walionyesha kwamba mvua ya kawaida huloweka udongo wa juu na kurudi angani, na kwamba akiba ya chini hujazwa na misimu michache mikubwa, hasa ya El Niño. Msimu wa 1997 na 1998 ulijaza kuliko mwingine wowote.

Misimu hiyo hiyo hujaza mbuga na madimbwi. Kwenye udongo wa madimbwi hayo mayai ya mbu wa jamii ya Aedes huweza kukaa makavu kwa miaka, na baadhi yamerithi kirusi kutoka kwa mbu aliyeyataga. Maji yakiyafunika, yanaanguliwa. Mwishoni mwa 1997 homa ya Bonde la Ufa ililipuka Kenya, Somalia na Tanzania. Mwishoni mwa 2006 ilianza tena Kenya, Januari 2007 ikaingia kwetu, na safari hiyo Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa yote. Hadi Juni 2007 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 511 walioshukiwa katika mikoa 10 kati ya 21 iliyokuwepo. Maabara ilithibitisha 186. Watu 144 walikufa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukubali kwamba unatengeneza dawa ya ugonjwa ambao leo huuoni. Udongo umekauka, mbuzi wanazaa salama, na benchi la zahanati limejaa kikohozi na malaria. Hakuna mgonjwa wa kukuhimiza. Ukisubiri mgonjwa wa kwanza ndipo ununue chupa za maabara, mlipuko utakuwa umekwisha kabla hujafungua sanduku.

Msikilize mfugaji, kisha mganga wa zahanati

Mfugaji hujua mapema kuliko maabara yoyote. Kondoo na mbuzi wengi wakitupa mimba ndani ya siku chache, na watoto wao wakifa kwa wingi, anajua kwamba hili si jambo la jana na juzi. Ndivyo ugonjwa huu ulivyojitambulisha kwa sayansi: kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, ambako Robert Daubney na wenzake wa maabara ya mifugo ya Kabete waliuchunguza na kuuandika mwaka 1931. Binadamu huupata kwa kung'atwa na mbu, na zaidi kwa kushika damu, kondo na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Anayechinja yumo hatarini, anayezalisha mbuzi yumo, na ofisa mifugo anayekuja kuwasaidia naye yumo.

Sasa kaa na mganga wa zahanati. Mtu anakuja na homa, kichwa, viungo na mgongo vinauma. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana, kwa hiyo dawa mseto haimhusu. Anachopewa ni Panadol na pengine antibayotiki. Homa hiyo inaweza kuwa dengi, inaweza kuwa chikungunya, inaweza kuwa ya Bonde la Ufa, au kitu ambacho bado hakijapewa jina. Sampuli ya damu ikisafiri hadi maabara kubwa na majibu yakarudi, siku zimepita, na kirusi hukaa kwenye damu siku chache tu. Wengi watapona wenyewe. Wachache wataharibika macho, wachache watapata uvimbe wa ubongo, na chini ya mmoja katika kila 100 atatokwa damu. Katika hao wanaotokwa damu takribani nusu hufa. Chanjo za binadamu zipo kwenye majaribio, mojawapo ikiongozwa na Mkenya George Warimwe wa Kilifi na Oxford. Dawa mahususi iliyoidhinishwa haipo.

Mganga huyo anahitaji kidonge anachoweza kutoa kabla hajajua jina la kirusi. Nadhani hakuna sababu nyingine inayozidi hiyo kwa mtu wa Makutupora kujishughulisha na dawa za wigo mpana. Huko ambako majibu ya maabara hutoka ndani ya saa chache, dawa ya namna hii ni ziada nzuri. Hapa ndiyo tofauti kati ya kutibu na kutazama.

Lenga seli

Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kimebeba vipande vitatu vya RNA, herufi takribani 12,000 kwa jumla, na protini zisizofika kumi. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Kirusi ni mkulima aliyefika shambani kwako bila jembe, bila mbegu na bila ng'ombe wa kulimia. Kila kitu ataazima kwako. Kinaazima kipokezi cha kuingilia, mfuko wa kusafiria ndani ya seli, mashine za kutengenezea protini, mafuta ya kujifunika na nishati ya kufanyia yote hayo.

Dawa nyingi tulizonazo hulenga kile kidogo ambacho kirusi kimekuja nacho. Dolutegravir ya VVU ni ya aina hiyo, na sofosbuvir ya homa ya ini aina ya C pia. Ni dawa nzuri sana. Tatizo lake ni kwamba kila moja imekatwa kwa kipimo cha adui mmoja au wawili, na adui huyo akibadilisha herufi chache huweza kuikwepa. Njia ya pili ni kulenga kile kilichoazimwa. Jeni zako hazibadiliki kila baada ya saa chache kama za kirusi, na kitu kimoja cha seli huazimwa na virusi wengi wasiohusiana.

Mifano iko karibu nasi. Kirusi cha chikungunya kilipatikana kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Kirusi cha o'nyong-nyong kilizuka Uganda mwaka 1959. Mwaka 2018 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba virusi hivyo viwili, pamoja na Mayaro wa Amerika ya Kusini na Ross River wa Australia, hutumia protini moja ya juu ya seli, MXRA8. Mabara matatu, kipokezi kimoja. Mwaka 2021 ikaja zamu yetu: vikundi vya Pittsburgh na St. Louis vilionyesha kwamba kirusi cha homa ya Bonde la Ufa huingia kwa kushika kipokezi kiitwacho LRP1. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba Oropouche, kirusi cha familia nyingine kilichopatikana kwanza Trinidad mwaka 1955, nacho hukitumia hicho hicho.

Uthibitisho kwamba dawa ya namna hii inaweza kufika duka la dawa upo tangu mwaka ule ule Dodoma ilipokuwa ikizika watu wake. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha maraviroc, dawa ya VVU isiyokigusa kirusi hata kidogo. Hufunika CCR5, protini ya juu ya seli ya binadamu, na kirusi kinachoitegemea hukosa pa kuingilia. Kumbuka jina hilo. Nitalirudia nikifika kwenye bei.

Zima jeni moja baada ya nyingine

Utajuaje seli inaazimwa nini? Chukua mamilioni ya seli. Kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR, zima jeni moja katika kila seli, mpaka katika chupa nzima kila jeni iwe imezimwa mahali fulani. Kisha mwaga kirusi. Seli nyingi zitakufa. Chache zitabaki, na hizo ndizo zenye habari: soma ni jeni gani imezimwa ndani yake, kwa sababu kirusi kiliihitaji na hakikuipata. LRP1 ilipatikana hivyo, kwenye seli za kinga za ubongo wa panya. Baadaye panya hai walipopewa kipande cha protini kinachoshika LRP1 kabla kirusi hakijaishika, waliokoka maambukizi yaliyowaua wenzao.

Kazi hii inahitaji maabara yenye usalama wa kiwango cha 3, kwa kuwa kirusi chenyewe huweza kupita hewani na kumwingia anayekichunguza. Usikate tamaa. Kuna aina iliyodhoofishwa, MP-12, iliyotokana na kirusi cha mgonjwa wa Misri wa mwaka 1977, na hiyo hushughulikiwa kwenye maabara ya kiwango cha 2. Sehemu kubwa ya kuchuja dawa yaweza kufanyika kwa MP-12 kwenye vyuo na taasisi tulizonazo, SUA Morogoro, NIMR au Ifakara, na kirusi halisi kikaletwa mwishoni kwa wachache waliovuka mchujo.

Kwa kila kemikali utakayoijaribu, pima vitu viwili na usikubali kuonyeshwa kimoja: kiasi kinachopunguza kirusi kwa nusu, na kiasi kinachoua nusu ya seli. Gawanya cha pili kwa cha kwanza. Jibu likiwa dogo, kemikali yako inaua kirusi kwa kuiua nyumba yote, na hata jiki hufanya hivyo.

Usiiamini sahani ya kwanza

Hapa nataka tukae, kwa sababu dunia nzima ilianguka hapa mwaka 2020 na inaweza kuanguka tena.

Seli zinazotumika zaidi kwa virusi huitwa Vero. Asili yake ni figo ya tumbili wa Afrika, nasaba ya hawa hawa wanaoiba mahindi mashambani mwetu, na zilianza kukuzwa Japani mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Chiba. Zinapendwa kwa sababu kirusi karibu chochote hustawi ndani yake. Na hustawi kwa sababu zimepoteza jeni za kutengeneza interferoni, ile ishara ya hatari ambayo seli ya mwili hupeleka kwa jirani zake ikivamiwa. Ni wenyeji wasio na mlinzi. Dawa yako ikiwa kazi yake ni kuamsha ulinzi huo, Vero haitakuonyesha chochote. Na ikiwa kazi yake ni kuzuia njia ambayo kirusi huitumia ndani ya Vero peke yake, Vero itakuonyesha ushindi ambao mgonjwa hatauona kamwe.

Klorokwini ilitupitisha huko. Wengi wetu tuliikulia. Tuliimeza kwa malaria hadi vimelea vikaizoea na serikali ikaiondoa kwenye matibabu. Hupunguza ukali wa tindikali ndani ya mifuko ya seli, na virusi wengi huhitaji tindikali hiyo ili kufungua ganda lao. Kwa hesabu hiyo ni dawa inayolenga seli, ya wigo mpana, ya bei ndogo, na ndani ya Vero ilikizuia kirusi cha korona vizuri kabisa. Dunia ikaikimbilia. Julai 2020 watafiti wa Ujerumani wakachapisha jaribio ambalo lilipaswa kutangulia: waliichukua klorokwini ile ile wakaiweka kwenye seli za mapafu ya binadamu, ikashindwa. Kwenye mapafu kirusi hakihitaji kupitia mifuko yenye tindikali, kwa kuwa kuna kimeng'enya cha juu ya seli, TMPRSS2, kinachokifungulia pale pale nje. Jaribio kubwa la Uingereza la RECOVERY lilikuwa limeshatoa jibu mwezi mmoja kabla: wagonjwa 1,561 walipewa haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini, 3,155 hawakupewa, na vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 27 na 25. Haikumwokoa mtu.

Mwaka 2021 kikaongezeka kisa kingine ambacho kila mwanafunzi wa dawa anapaswa kukijua. Kati ya dawa za zamani zilizodaiwa kuzuia korona kwenye sahani, nyingi zilikuwa na umbo la kemikali linalofanana: upande mmoja unapenda mafuta, upande mwingine una chaji chanya. Kemikali za umbo hilo hujikusanya ndani ya seli na kuijaza mafuta yaliyokwama. Seli iliyovurugika hivyo haiwezi kumhudumia kirusi yeyote, kwa hiyo kwenye sahani dawa inang'aa. Ndani ya mnyama haikingi. Miezi mingi, fedha nyingi na matumaini ya wagonjwa vilipotelea humo.

Kwa hiyo, kijana, sahani yako ya kwanza ikikupa jibu zuri, usimpigie simu mwandishi wa habari. Chukua seli za ini, kwa sababu homa ya Bonde la Ufa hushambulia ini. Chukua seli za macho na za ubongo. Chukua seli za kondo la nyuma. Chukua seli za mbuzi na za ng'ombe. Kisha pima kama seli zimejaa mafuta. Dawa itakayobaki imesimama baada ya hayo yote ndiyo ya kwenda nayo kwa panya.

Ziache zabibu ziwe zabibu

Makutupora ina kituo cha TARI kinachotafiti zabibu, na mkoa huu huvuna mara mbili kwa mwaka. Mtu atakuja kwako, na atakuja kwa nia njema, akuambie kwamba ganda la zabibu lina resveratroli, kwamba resveratroli imezuia virusi kadhaa kwenye sahani, na kwamba Dodoma ina dawa yake yenyewe shambani. Mjibu kwa upole na kwa ukweli. Resveratroli iliyomezwa huvunjwa upesi na ini na utumbo, kiasi kwamba kinachobaki kwenye damu ni kidogo sana kuliko kile kilichowekwa kwenye sahani. Tena ni kemikali inayogusa protini nyingi ovyo na kuvuruga vipimo vyenyewe. Mkulima wa zabibu anastahili bei nzuri ya zabibu zake na soko la mvinyo wake. Hastahili kubebeshwa ahadi ya tiba itakayomgeukia mlipuko ukija.

Hesabu kile utakachomnyima mwili

Kitu kilichoazimwa na kirusi kilikuwa na kazi yake kabla kirusi hakijafika. LRP1 husaidia ini kuondoa mabaki ya mafuta kwenye damu, husafisha protini zilizochoka na hushiriki kazi nyingine nyingi. Panya waliozimwa jeni hiyo kabisa, katika jaribio lililochapishwa 1992, walikufa tumboni mwa mama zao. Hilo halimaanishi LRP1 haiguswi. Kufunika kipokezi kwa siku tano kwa mtu mzima si sawa na kukikosa tangu mimba, na binadamu wengi hustahimili dawa zinazozuia kazi muhimu kwa muda mfupi. Ila inakulazimu uulize mapema: kwa kiasi gani, kwa siku ngapi, na kwa nani?

Kumbukumbu za watangulizi wako zisome bila kuogopa. Alisporivir ilizuia protini ya seli ambayo kirusi cha homa ya ini aina ya C huihitaji, na ilifanya kazi kwa wagonjwa. Mwaka 2012 majaribio yake yalisimamishwa baada ya baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakiitumia pamoja na interferoni kupata uvimbe wa kongosho, na mwishoni mwa 2013 sofosbuvir, inayomlenga kirusi mwenyewe, ikaidhinishwa na kuchukua nafasi yote. Brequinar huzuia seli kutengeneza malighafi ya RNA. Kwenye sahani inakomesha virusi wa kila aina, lakini ndani ya mnyama damu huleta uridini iliyotengenezwa kwingine, na kirusi kinaendelea kula. Celgosivir, inayovuruga ukunjaji wa protini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa dengi Singapore na haikupunguza homa wala kirusi.

Nasema haya kwa sababu naipenda njia hii na nataka ifike. Kirusi kikijulikana vizuri, na kikiwa na wagonjwa wa kudumu na soko la uhakika, dawa inayokilenga chenyewe kwa kawaida itashinda. Nafasi ya dawa yetu ni kwenye siku zile za mwanzo ambazo hakuna anayejua kinachoua. Itumike kwa siku chache, mapema, ikiwezekana hata kabla ya homa, kwa mchinjaji aliyejikata au mtaalamu wa mifugo aliyerukiwa na damu. Kirusi hiki huchukua siku mbili hadi sita kabla ya dalili, na siku hizo ndizo za kuwahi. Baada ya ini kuharibika, kumzuia kirusi kutasaidia kidogo.

Mweke mjamzito mbele

Desturi ya majaribio ya dawa ni kumweka mjamzito pembeni hadi mwisho. Kwa ugonjwa huu desturi hiyo ni kosa. Kirusi kinachowafanya kondoo watupe mimba hakiwasahau wanawake. Utafiti uliofanyika Port Sudan na kuchapishwa 2016 uliwafuatilia wajawazito wenye homa: kati ya 28 walioambukizwa kirusi hiki, mimba za 15 ziliharibika. Kwa wasioambukizwa ilikuwa 12 kati ya 102.

Dawa mbili za wigo mpana ambazo hutajwa kwanza kila mlipuko ukitokea, ribavirini na favipiravir, zote mbili hazipaswi kupewa mjamzito kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni. Maana yake ni kwamba leo, mama anayekamua mbuzi wake Makutupora na kupata homa katikati ya mvua kubwa, hana hata dawa ya kujaribiwa. Yeye ndiye kipimo cha kazi yako. Kemikali mbili zikiwa sawa kwa nguvu, endelea na ile iliyo salama kwenye kondo la nyuma, hata kama ile nyingine ingekupa makala ya haraka zaidi. Jaribu mapema kwa panya wenye mimba, halafu kwa kondoo na mbuzi wenye mimba. Hapo Afrika Mashariki ina ujuzi ambao Ulaya haina: wataalamu wa mifugo waliouona ugonjwa huu zizini, na wanyama wenyewe ambao kirusi kinawajua.

Andika jaribio kabla ya mafuriko

Mlipuko wa 2007 ulianza Januari na kufikia Juni ulikuwa umekwisha. Kamati ya maadili, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa nchini, mafunzo ya wauguzi, bima ya washiriki na uingizaji wa dawa bandarini haviwezi kuanza na kukamilika ndani ya miezi hiyo. Kwa hiyo karatasi zote ziandikwe wakati wa ukame, zipitishwe, zisainiwe, na zibaki zikisubiri.

Zikisubiri nini? Zisubiri namba. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Assaf Anyamba wa NASA walitumia joto la bahari, mawingu na ukijani wa nyasi unaoonekana kutoka kwa setilaiti, wakatoa tahadhari ya homa ya Bonde la Ufa majuma kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza Afrika Mashariki. Tahadhari ilifika, dawa ya kuifuata haikuwepo. Andika ndani ya jaribio lako kwamba joto la Bahari ya Hindi na mvua za Dodoma zikivuka kiwango fulani, dawa inasafirishwa hadi zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaanza kuwaandikisha wachinjaji na wafugaji wanaokubali.

Inawezekana, na Wakongo wametuonyesha. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita na Ebola, timu iliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe iliandikisha wagonjwa 681 na kulinganisha dawa nne kwa kura ya haki. Mbili zilionekana bora na nyingine mbili zikaachwa. Kama ilifanyika huku risasi zikilia, inaweza kufanyika Bahi, Chamwino, Kongwa na Makutupora.

Wape watu maelezo kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na uwaeleze wazi kwamba dawa hii itagusa seli zao wenyewe. Mtu anayeelezwa hivyo ataogopa kwa haki. Mpe muda wa kuuliza, na mpe nafasi ya kukataa bila kupoteza huduma yake.

Pigia hesabu rafu ya zahanati

Nilikuambia ukumbuke maraviroc. Dawa hiyo ni ushahidi kwamba sayansi ya kulenga seli ni ya kweli, na ni onyo pia. Kabla mgonjwa hajapewa, kirusi chake lazima kipimwe kwa kipimo cha gharama ili kujua kama kinatumia CCR5 au kipokezi kingine, maana kinachotumia CXCR4 hakijali kama CCR5 imefunikwa. Dawa inayohitaji kipimo cha namna hiyo haiwezi kukaa kwenye rafu ya zahanati ya kijiji. Andika masharti ya kidonge chako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara, kabla ya kemikali ya kwanza: kimezwe, kisihitaji jokofu, kistahimili joto la Dodoma la Novemba, kisihitaji kipimo kabla ya dozi ya kwanza, na kiweze kuagizwa na Bohari ya Dawa kwa bei ambayo bajeti ya halmashauri inaibeba. Kemikali isiyoweza kutimiza masharti hayo iachie wengine.

Na bei usiiache mwisho. Mwanzoni mwa 2001 dawa za VVU kwa mgonjwa mmoja zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka; Februari mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kuzitoa kwa dola 350. Kemia ilikuwa ile ile. Katikati ya tarehe ambayo dawa hizo zilijulikana kufanya kazi na tarehe zilipofika vijijini kwetu, tulizika watu wengi mno. Dawa ya homa ya Bonde la Ufa haina soko la matajiri la kulipia utafiti wake, kwa hiyo fedha zitatoka kwa serikali na mifuko ya umma, na fedha ya umma ina haki ya kudai. Kwenye mkataba wa kwanza kabisa, ule wa kupeleka sampuli nje, iandikwe kwamba damu iliyotoka Dodoma inabaki kuwa ya kuamuliwa na Watanzania, kwamba nakala zake zitahifadhiwa nchini, kwamba wanafunzi wetu watakuwa kwenye meza ya kusoma majibu na si kwenye meza ya kubandika lebo peke yake, na kwamba leseni ya kutengeneza dawa itatolewa kwa viwanda vya kanda hii kwa masharti yanayolipika. Mkataba huo usainiwe kabla sindano haijaingia kwenye mkono wa mtu wa kwanza.